Kabati Limekwama Kwenye Kona

Baba, shikamoo tena, maana ile ya asubuhi hukuiitikia.

Mwalimu mkuu wa chekechea kakubali! Anataka makabati sita ya vitabu kama hili langu, ya mbao za makreti, bei ya watu wa kawaida. Ila lazima alione leo saa nane, la sivyo anampa fundi mwingine. Nimekimbia kutafuta mkokoteni.

Na kabati ndiyo hivyo, limekwama kwenye kona ya korido. Ukanifokea mbele ya Mama: "Chuo kizima, kupima kona hujui!" Iliniuma, Baba. Nilipima mara tatu. Lilikuwa linapita.

~~Chukua msumeno ukate juu, yaishe.~~ Hapana! Msumeno usiuguse!

Ulipotoka umenuna nikaanza kuandika hii, na hapo kwenye msumeno hereni yangu ikadondoka, nikainama kuitafuta. Chini ya ule ubao wa juu nikaona alama yako ya penseli, ile ya msalaba wenye mkia. Kumbe jana nikiwa chuoni uliliongezea kabati ubao kimyakimya, inchi nne nzima, na ndizo zilizokwama. Wewe uliyesema kazi yangu ya kitoto!

Basi ng'oa mlango wa bafu hapo konani, bawaba mbili tu. Mkia wa kabati uingie bafuni, litageuka. Mama, oga mapema.

Ubao wako haukatwi. Mwalimu akiuliza kaupiga nani, nitakutaja, unune usinune.

Binti yako, fundi mwenzio