Uso wa Baba Nekesa Unafifia

Busia, Alhamisi ya mwisho ya Agosti

Baba Nekesa,

Leo jua ni kali, na malori yanayongoja kuvuka mpaka yametimua vumbi hadi mezani.

Jumamosi ni ibada ya kukukumbuka. Nilisema ratiba ya ibada, yenye picha yako, nitaichapa mwenyewe, hapa dukani kwako, kwa printa yako. Nakala ya kwanza ilitoka upande mmoja wa uso wako umefifia. Sikio halikuonekana kabisa.

Dada yako Nabwire aliichukua akaitazama. "Wifi, huyu ni kaka yangu ama ni mzimu wake?"

Alikuwa anatania. Mimi niliingiwa na baridi. Wiki hii nilifumba macho nikutafute, nikapata kofia yako na kikohozi chako, sura ikakataa kuja. Na picha nzuri ninayo hii moja tu.

Nilifanya kama ulivyokuwa ukifanya. Nikatoa katriji ya tona, ule wino wa unga, nikaitingisha polepole kulia na kushoto. Bado. Nikaweka katriji mpya, nikafungua pakiti ya karatasi kavu. Bado.

Nikampigia fundi wa Malaba.

"Mama, umepanguza kile kioo chembamba ndani, pale mwanga unapopita?"

"Hapana."

"Hujapanguza tangu lini?"

Nikatazama kifuniko cha printa.

"Mama, hapo kwenu hata chai mnakunywa na vumbi. Zima mashine, chomoa waya, tumia kitambaa kikavu. Maji usitie."

Sijaipanguza tangu tukuzike. Unajua kwetu nyumba ya msiba haifagiwi mpaka matanga yaishe. Yaliisha, nyumba nikafagia, lakini printa sikuigusa. Alama ya gumba lako lenye tona iko pale kwenye kifuniko. Niliogopa kukufuta.

Kumbe vumbi nililolitunza ndilo linalokula uso wako.

Nilipanguza kioo nikiwa nimezuia pumzi. Kitambaa kikatoka kijivu. Nakala iliyofuata ilikuja na sikio, na lile kovu la kidevuni ulilopata ukifungua soda kwa meno siku ya harusi ya Nabwire. Nilikaa chini.

Alama ya gumba nimeiacha.

Bado naogopa. Iko siku sura yako itakataa kuja, na mimi nitakuwa mbali na printa, mbali na picha. Siku hiyo, tafadhali, wewe nikumbuke mimi.