Mibuni Iliyojitenga

Jumatatu, 3 Novemba
Majani tena. Urefu, upana, ncha. Kisha punje za buni. Mvua juu ya bati la kituo cha utafiti, sisikii hata redio. Dokta Tumaini, bosi wangu, anataka kompyuta itenganishe aina za kahawa kwa vipimo kabla hatujachagua ipi ichavushwe na ipi. Kwa macho, mibuni yote inafanana. Nimeingiza hata vipimo vya mibuni ya mama kule Kisondela, nilivyochukua nilipokwenda kumsalimia. Kujaza pengo tu.

Jumatano, 5 Novemba
Nimeshtuka. Kwenye mchoro kila mbuni ni nukta. Inayofanana hukaa pamoja. Makundi mawili makubwa, kama tulivyotarajia. Halafu pembeni, mbali kabisa, nukta chache zimejitenga. Mibuni ya mama. Nikadhani nimekosea kupima. Nimerudia hesabu, nikajaribu njia nyingine. Palepale. Na ndiyo mibuni ambayo ugonjwa wa kutu ya majani haujawahi kuigusa, huku majirani wakilia kila mwaka.
Dokta alisimama nyuma yangu, akainamia skrini. Kisha: "Atu, kesho nenda ukalete vipandikizi. Aina hii hatuna."
Nimempigia mama. Hapatikani.

Alhamisi, 6 Novemba
Imeng'olewa. Siwezi kuandika.

Ijumaa, 7 Novemba
Jana nilishuka kwenye bodaboda nikaona uwazi mahali palipokuwa na mibuni. Matawi yamechomwa. Mashimo yana miche ya parachichi. Mama alitoka jikoni anacheka.
"Umeliona shamba? Wanunuzi wa parachichi wanafika hadi mlangoni. Kahawa ilinipa nini?"
Nikamweleza. Akakaa chini, kwenye matope.
"Mbona hukuniambia, mwanangu?"
"Sikujua, mama. Nimejua jana."
Nilimkasirikia. Nikaikasirikia kompyuta. Hasira haina pa kwenda.
Shina moja lilikuwa limetupwa mtaroni, mizizi bado imelowa. Tukalifukia upya, yeye akilishika, mimi nikishindilia udongo.
Leo nimemwambia Dokta. Ameweka mkono mdomoni, hakuutoa.

Jumapili, 30 Novemba
Kisondela, baada ya ibada. Nimekwaruza gome la lile shina kwa kucha. Kijani. Chini yake chipukizi, dogo kuliko punje ya mchele. Moja tu.
Nilimwita mama. Akainama kulitazama. Kisha akachukua jembe, akaung'oa mche wa parachichi uliokuwa karibu, akaenda kuupanda mbali.