Kurasa Nne za Panya

Dada,

Huku salama, cherehani tu ndiyo inakata uzi. Barua yako imefika. Hongera, huko maabara mmegundua mahali papya kwenye ubongo wa panya ambapo dawa ya kifafa inaweza kufanya kazi, mahali ambapo vidonge vyangu havifiki. Lakini kurasa nne za panya, jamani! Najua kifafa kilimshika kwa sekunde ngapi na nani alimfuta mate. Mwenye kifafa kwenye ukoo huu si mimi? Hata mstari mmoja wa kunijulia hali umekushinda?

Haya, shika kalamu, uandike kama ulivyomwandika huyo panya. Jumanne, saa nne asubuhi, nilianguka nikishona. Sindano ilinitoboa kidole. Nilikuwa peke yangu. Sekunde hakuna aliyehesabu.

Mdogo wako wa tumbo moja