Mbegu Zilizobarikiwa na Popo za Beni

Mujukuu wangu Kavira,

Siye wote tuko bazima hapa Butembo, na mutoto wa shangazi yako ameanza kutembea. Unaniuliza toka Kinshasa: popo zinajuaje tarehe ya kurudi? Hapana tarehe! Zinafuata matunda. Mvua ikikaribia huku, matunda yanaanza kuiva, nazo zinapanda toka Beni mpaka kwenye mikaratusi ya parokia.

Mwaka niliolewa, padri alibariki mbegu mu misa ya siku ya yenga, siku ya Mungu. Kesho yake mimi nikapanda maharagi. Mama mukwe alitazama mikaratusi, akaona hapana popo, akaacha mbegu zake mu kitunga. Nikamucheka.

«Mama, si zimebarikiwa?»

«Baraka haiozi mu kitunga, mutoto wangu.»

Mvua ilichelewa, maharagi yangu yakakauka. Popo ziliporudi, alinigawia mbegu zake, tukapanda pamoja.

Siku hizi majira yamevurugika, lakini popo hazisomi kalenda. Padri alibariki mbegu zangu tangu juzi, na zingali mu kitunga. Asubui hii nimesikia kelele mu mikaratusi. Basi naacha kalamu, nashika jembe.

Koko wako, nyanya yako wa Butembo