Kipandauso na Sindano za Atupele

Ngonga, Jumanne

Kichwa kimetulia, angalau naweza kuandika. Daktari wangu, nasema wangu maana nimemzaa mimi, leo amenichoma zile sindano alizosomea China. Nyembamba kama unywele.

Jirani yangu Mama Ambwene, aliyewahi kunichanja chale kwenye paji la uso kwa ugonjwa huuhuu, akacheka: "Mama Atupele, kipandauso kiko kichwani, mbona anachoma mkono?"

"Ungezaa daktari ungejua!" nikamjibu.

Atupele akamweleza taratibu kwamba huko China aliona mashine inayochora ubongo unavyofanya kazi, na kwamba sindano ya mkononi huenda inautuliza ubongo wenye maumivu. Huenda! Neno hilo lilinikera, tena mbele ya jirani.

Tulipobaki wawili akaniuliza, "Mama, umepata nafuu kweli au unanisifu tu? Jumatatu nafungua zahanati yangu. Sitaki kudanganya wagonjwa."

Nilitaka kusema kimekwisha kabisa. Nikasema kweli: kimepungua, ila nyuma ya jicho la kushoto bado kinagonga.

Akanikumbatia. "Ndaga, mama. Asante sana."

Namsifu tangu darasa la kwanza, hajawahi kunishukuru hivyo.