Mgeni Tuliyemngoja kwa Kalenda

Dada yangu mpendwa,

Leo nilikuwa nafunika daftari langu la Baiolojia kwa kalenda ya zamani, nikakuta alama zetu za penseli. Daftari nimeliacha, nakuandikia wewe.

Ulikuja nyumbani, kijijini Daa, kutoka kwa mumeo Olbalbal, baada ya mimba yako ya miezi mitatu kutoka. Majirani walisema umeitoa. Ulijifunika kitenge ukaniambia, "Imetoka yenyewe, mdogo wangu." Nilikuamini, na bado nakuamini.

Nesi alikueleza kwamba hedhi mara nyingi hurudi ndani ya wiki nne hadi nane. Ikizidi hapo, urudi zahanati. Lakini wewe uliniuliza mimi, mtoto wa darasa la saba, "Isiporudi, nitazaa kweli?" Nilichoweza ni kuchora alama kwenye kalenda kila asubuhi. Hedhi tukaiita "mgeni" ili Baba asielewe.

Tukipalilia mahindi nilikuuliza, "Mgeni vipi?"

"Labda amekosa gari la Mbulu."

Tulicheka, ila jembe lako lilisimama.

Wiki ya sita ulitoka chooni mbio. "Amefika! Mgeni amefika!" Mama akakusikia. Akafagia uwanja, akachinja jogoo, akabandika chai ya maziwa, akabadilisha kanga. Sisi tuliona aibu kumzuia. Mchuzi ulipoiva akachungulia barabarani. "Mbona haingii huyo mgeni? Anaogopa mbwa?"

Ukamnong'oneza. Mama alikutazama, mwiko mkononi.

"Jogoo yuko sufuriani tayari," akasema. "Basi mgeni ni wewe. Kaa ule, mwanangu."

Ndipo ukalia, mara ya kwanza tangu ulipofika. Baba alikula paja bila kuuliza lolote.

Sasa umerudi kwa shemeji, nami niko kidato cha pili. Mgeni wangu akifika nikiwa bwenini, tumbo likiuma, nakumbuka harufu ya ule mchuzi, na wewe ukijifuta machozi kwa mkono wenye ugali.

Kipande chenye alama nimekikata, nimekiweka ndani ya Biblia yangu. Siku moja, ukiwa tayari, utanipigia simu useme, "Mdogo wangu, mgeni hajafika." Safari hiyo hatutaogopa. Nitamwambia Mama akamate jogoo.

Nisalimie shemeji na ndama wako.

Ni mimi, mdogo wako, mtunza kalenda.