Maram Kaondoka, Mtoto Kabaki

Ibra, Sharqiyah
9 Februari 2025

Mpendwa Khalati Fawziya,

Shikamoo. U hali gani na joto la huko Unguja? Goti limepoa, au bado unapanda ngazi kwa kushikilia ukuta? Sisi alhamdulillah hatujambo. Mama, nduguyo, anakula vizuri, na mwanangu Yazeed kaanza skuli.

Uliniuliza kwenye simu kwa nini sauti yangu imekuwa kali, nikakukatiza. Si wewe uliyenikasirisha, khalati. Ni kazini.

Unamkumbuka Maram, yule msichana wa Sur niliyekuja naye, ukampikia boko boko? Tulikuwa pamoja ofisini, kazi yetu kuwalinda watoto wanaoteswa majumbani. Mwaka jana tulipelekwa Jalan, ambako mtoto wa kike wa miaka sita alikuwa akifungiwa stoo na baba wa kambo. Maram ndiye aliyembeba kumtoa. Mtoto hakulia. Alimng'ang'ania shingoni mpaka Ibra, na kwa muda mrefu hakusema na mtu mwengine ila yeye.

Mtoto akaanza kupona, Maram akaanza kuumwa. Akawa halali. Kwake akang'oa vitasa vya milango yote. Mwanawe akilia, yeye anatoka nje na kuziba masikio. Akenda kwa mudiri wetu, mkuu wa ofisi, Bwana Zakariya, akaomba apumzishwe kidogo na safari za majumbani mwa watu, na apatiwe daktari wa kuzungumza naye. Mudiri akamwambia asome Qur'ani zaidi, kana kwamba Maram hasomi. Kisha akamwongezea kesi za Huwaida, mwenzetu aliyekwishakimbia kwa sababu hizo hizo.

Maram akaacha kazi. Siku ya kumuaga wakaleta keki na ngao ya kioo yenye jina lake. Mudiri akasimama kutuhutubia kwamba vijana wa siku hizi hawana subira. Nikasema mbele ya wote:

"Maram hakukosa subira. Alikuombeni msaada mkamnyima, na leo mnamlisha keki."

Hakuna aliyenyanyua kijiko. Baadae nikaitwa, nikatakiwa nimtake radhi mudiri. Nikakataa.

Sasa Maram yuko Firq, kwenye duka la kaka yake la vipuri vya magari. Nilipomtembelea alinipa kahawa na tende, akacheka, ila kaniomba nisimtajie jina la yule mtoto. Watu wanasema keshatulia. Mimi nilirudi njia nzima nalia kwa ghadhabu.

Na mtoto je? Alipewa mtu mpya, naye akaondoka. Akaja mwengine. Kila anayekuja anamtaka aeleze upya tokea mwanzo: stoo, kiza, kila kitu. Mwezi uliopita nilikuwa mlangoni mwa chumba chake, kwenye nyumba ya kuhifadhi watoto, nikamsikia akimuuliza yule mgeni:

"Na wewe utaondoka lini?"

Kisha akageukia ukuta.

Nikenda moja kwa moja kwa mudiri. Nikamwambia mtoto huyu n'tamsimamia mimi, na hatohojiwa tena na mtu. Na kama sisi wafanyakazi hatukuletewa daktari wetu kabla ya Ramadhani, n'takwenda Maskati kwa wakubwa wake. Mudiri kanipa mtoto. La daktari kasema atafikiri. Laith, dereva wetu, anayeona yote tunayoyaona, kasema safari hiyo atanipeleka yeye.

Usinambie n'na moyo mkubwa, khalati. Maram naye aliambiwa hivyo hivyo, mpaka moyo wenyewe ukamshinda. Mimi pia nimeanza kushtuka mlango ukifungwa kwa nguvu. Niombee dua nipate nguvu, lakini waombee na wakubwa wetu wapate kuona haya.

Nisalimie Ami Himid, na Dada Rasha na mwanawe Maen. Mola akupe afya na aijaze nyumba yako kheri.

Jumatatu nilikaa na mtoto. Nilipotaka kuinuka akanishika baibui. Nikakaa mpaka akalala.

Ni mimi mwanao, nikupendaye hata nikiwa na hasira,
Dalal